Mhojiwa wa Nne

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Ukimletea salamu za mtu, hatauliza kama mtu huyo mzima, atauliza, "Anataka nini?" Sisi watoto wa kaka yake tulimcheka, lakini tulimcheka tukiwa mbali, maana masikio yake yalikuwa makali kuliko ya paka.

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mpiga chapa wa Idara ya Sosholojia katika chuo kikuu, yaani idara ya wasomi wanaochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja. Mume wake, ambaye sisi tulimwita Mjomba kwa heshima, alikuwa na tafsiri yake mwenyewe. Aliiita idara ya umbea wenye digrii.

Haya ninayoyasimulia alinipa shangazi mwenyewe, vipande vipande, siku za Jumapili tukichambua mchele. Hakuwahi kunipa yote kwa mkupuo mmoja. Nadhani hata mimi alikuwa akinipima.

Chanzo cha shaka yake nakijua. Mjomba alikuwa mtunza ghala katika karakana ya magari ya serikali. Siku moja akaja bwana mmoja mcheshi, mwenye daftari dogo la jalada jeusi, akasema ametumwa kukagua matairi. Alikaa wiki tatu. Alikunywa nao chai, akawauliza habari za nyumbani, akawauliza wanaonaje kazi. Mjomba, ambaye ulimi wake hauna breki, akasema meneja wao ni kama tairi la akiba: unalibeba kila siku lakini hujawahi kuliona likifanya kazi. Wote wakacheka, na bwana yule akacheka kuliko wote. Mwezi uliofuata Mjomba akapata barua ya aya moja. Huduma zake hazihitajiki tena. Na ndani ya barua, neno kwa neno, lilikuwamo lile tairi la akiba.

Tangu hapo Mjomba akawa anatengeneza redio mbovu sebuleni, na shangazi akajiwekea sheria. Mtu anayekuuliza huku anaandika, mpe majibu ya mlangoni. Majibu ya mlangoni ni yale unayompa mgeni usiyemjua akikuta umefungua mlango nusu: hawajambo, ametoka, sijui atarudi lini.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya chumba cha mkuu wa idara na stoo ya karatasi. Dirisha lilitazama ukuta na bomba la maji machafu. Alikuwa na taipureta nzito ya chuma, kabati la mafaili lenye droo nne, kikapu cha taka, na kikombe cha bati ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Miswada ya wahadhiri ilimfikia kwa mkono, na kwa miandiko hiyo aliwajua kuliko wake zao. Alijua nani ameandika kwa haraka, nani amenakili, na nani haelewi anachosema, kwa sababu huyo wa mwisho mwandiko wake ulikuwa mzuri mno.

Mkuu wa idara wa siku hizo tulimjua kwa jina moja tu, Profesa. Alikuwa mpole, mwenye suti za rangi ya majivu, na alifundisha kwamba jamii ni kama mwili wa binadamu. Kila kiungo kina kazi yake, na kiungo kikigoma, mwili unaugua. Shangazi alilichapa somo hilo mara nyingi mpaka vidole vikalijua bila macho.

"Na mpiga chapa ni kiungo gani?" Mjomba alimuuliza siku moja.

"Ukucha," shangazi akajibu. "Ukirefuka wanaukata."

Ndipo akaja Daktari Ndevu. Jina hilo alipewa na wanafunzi siku ya kwanza, kwa ndevu zilizomfika kwenye kifungo cha pili cha shati. Alikuwa kijana bado, ametoka ng'ambo na digrii mpya na maboksi matatu ya vitabu. Asubuhi ya kwanza aliingia katika ofisi ya shangazi, akavuta kiti, akaketi mbele ya meza yake. Hakuna mhadhiri aliyewahi kuketi pale. Walikuwa wanaacha karatasi na kuondoka.

"Dada," akasema, "naomba nikuulize. Hii kazi unayoichapa ni ya nani?"

"Ya idara, daktari."

"Sawa. Lakini ikishaisha, inakuwa ya nani?"

"Ya idara, daktari."

Alitabasamu, akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi. Shangazi aliiona ile kalamu inavyotembea. Jioni alimwambia mumewe, "Amekuja mwingine."

"Mwingine nani?"

"Wa kuuliza."

Hata hivyo miswada ilianza kuja, na ndani yake maneno ambayo taipureta ile haikuwa imeyazoea. Tabaka. Unyonyaji. Itikadi. Wavujajasho. Daktari Ndevu aliandika kwamba jamii si mwili hata kidogo. Ni uwanja wa kuvutana, wachache wakiwa wameshika mashamba, viwanda na mashine, na wengi wakiwa na mikono yao tu. Aliandika kwamba hata mawazo yaliyomo vichwani mwa wengi yamepandwa humo na wachache, ili wengi waione hali yao kuwa ya kawaida kama jua na mvua. Na kwamba kazi ya msomi si kueleza tu mambo yalivyo, bali kuuliza ni nani anayefaidika yakiwa hivyo. Huo aliuita uhakiki wa Kimaksi.

Shangazi alisimama kidogo kwenye sentensi ile ya mwisho. Ni nani anayefaidika? Yeye alikuwa akiuliza swali hilo tangu ile barua ya Mjomba, na hakuna aliyempa digrii.

Basi moto ukashika nyasi. Mwaka wa kwanza wanafunzi wa Daktari Ndevu walitosha kwenye madawati. Mwaka wa pili walikaa sakafuni, wengine madirishani, na viti vya kantini vikaanza kupotea. Darasani kwa Profesa walibaki kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanasinzia. Kila Jumatano alasiri, katika chumba namba tisa, kulikuwa na kikundi cha kusoma, na ukipita nje ulisikia vijana wanabishana kuhusu mabepari kana kwamba mabepari wamewaibia viatu mlangoni. Hata wahadhiri wa zamani, ambao maisha yao yote walikuwa wanahesabu kaya na vyoo, wakaanza kuchomeka neno "tabaka" kwenye vichwa vya makala zao. Mmoja alimletea shangazi makala ya miaka sita iliyopita. Alikuwa amekata neno "majukumu" kila lilipo na kuandika "unyonyaji" juu yake. Mengine yote aliyaacha.

"Amebadilisha kitasa," shangazi alimwambia Mjomba. "Nyumba ni ile ile."

Hakuwaamini wa zamani, na huyu mpya ndiye hakumwamini kabisa. Mtu anayewaambia watoto wa watu hadharani kwamba wakubwa wanawanyonya, na bado mshahara wake unaingia kila mwezi, huyo ama ni mjinga ama ametumwa. Na kwa mjinga alikuwa anasoma vitabu vingi mno.

Kisha Msajili wa chuo akamwita. Ilikuwa saa nne asubuhi. Msajili alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye meza kubwa isiyo na kitu juu yake isipokuwa simu na faili moja. Faili lilikuwa la shangazi.

"Karibu mama, keti. Watoto hawajambo?"

Shangazi hakujaliwa watoto. Jambo hilo limo ukurasa wa kwanza wa faili lake. Kwa hiyo alijua kwamba bwana huyu ama hajalisoma, ama amelisoma na anataka aone uso wake utafanyaje. "Wote salama," akajibu.

"Siku hizi mnachapa mambo gani pale?"

"Tunachopewa."

"Kama nini?"

"Herufi, bwana Msajili. Nikianza kusoma, spidi inapungua."

Msajili akacheka taratibu. Akasema kuna mambo ya kigeni yanaingia chuoni, na kwamba yeye kama mlezi angependa kuyajua mapema. Je, mama hangeweza kuweka karatasi moja zaidi ya kaboni kila anapochapa kazi za Daktari Ndevu, na nakala hiyo kuitia kwenye bahasha? "Si lazima," akasema. "Nimekuomba tu."

Lile "nimekuomba tu" ndilo lililomtisha. Amri unaweza kuilalamikia. Ombi la mkubwa utalishtaki wapi?

"Nimesikia," akasema, akaondoka. Kusikia si kukubali, na hakupeleka bahasha yoyote. Lakini hakumwambia mtu, hata Mjomba, kwa sababu ya ule ulimi. Alichofanya ni kuanza kukata kaboni zilizotumika kwa mkasi, vipande vidogo kama vya kulishia kuku, maana kaboni ukiielekeza kwenye mwanga inasomeka kama barua. Akaanza pia kuangalia nani anaangalia.

Ndipo alipomwona Mzee Hodi. Huyu alikuwa tarishi wa idara, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu alibisha hodi hata mlango ukiwa wazi na wewe unamtazama. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua. Kumwaga taka ilikuwa kazi ya wafagizi. Sasa Mzee Hodi alikuwa anawahi kikapu cha shangazi kila siku kabla ya saa sita. Siku moja kupitia upenyo wa mlango shangazi alimwona anazinyoosha karatasi zilizoharibika, anazikunja vizuri, anazitia ndani ya shati. Karatasi hizo zilikuwa kurasa ambazo shangazi alikosea herufi na kuzitoa kwenye mashine katikati. Akajisemea moyoni: bahasha ya Msajili imepata mpelekaji.

Katika hali hiyo Daktari Ndevu akaanzisha utafiti juu ya wafanyakazi wa ofisi. Alitaka kujua watu wa chini wanaielewaje hali yao. Alikuwa na kinasa sauti kikubwa kama tofali na orodha ya maswali thelathini. Shangazi alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu Profesa mwenyewe alitokeza kichwa mlangoni, akasema idara ingefurahi kama wote wangeshirikiana.

Akashirikiana. Alikaa wima, mikono mapajani, mbele ya kile kinasa.

"Unaionaje kazi yako?"

"Nzuri."

"Na wakubwa wako?"

"Wazuri."

"Kuna jambo lolote ungependa libadilike?"

"Tunamshukuru Mungu."

Dakika kumi na tano, maswali thelathini, majibu ya mlangoni mwanzo mpaka mwisho. Alirudi kwenye mashine yake akiwa ameridhika kama mtu aliyefunga duka mapema.

Ikapita miezi minne. Asubuhi moja Daktari Ndevu akamletea mswada wa sura ya tano ya kitabu chake, akaomba uwe tayari baada ya siku mbili. Shangazi akaweka karatasi, akaanza. Kurasa tatu zikaenda vizuri. Ukurasa wa nne ulisema hivi:

"Mhojiwa wa Nne, mpiga chapa, mwanamke wa makamo, ni mfano kamili wa ufahamu bandia. Matakwa ya wakubwa ameyageuza kuwa matakwa yake. Hana lalamiko, hana swali. Maandishi hupita mikononi mwake kama maji kwenye bomba, na bomba halionji maji."

Mashine ikanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka Profesa akaita kutoka chumba cha pili, "Mama, umeme umekatika?"

"Profesa, mashine hii haina umeme."

"Ah, kweli."

Aliniambia kwamba hakulia, na mimi sikumuuliza tena. Alisema kilichomuuma si kuitwa bomba. Kilichomuuma ni kwamba yule bwana aliandika maneno yale kwa mkono wake, akayabeba, akamwekea mezani, akamwambia "asante dada", na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba anayechapa pia anasoma. Alimaliza ukurasa ule bila kosa hata moja, akaendelea na uliofuata.

Kesho yake akaenda chumbani kwa Daktari Ndevu na kurasa zote mkononi. Akabaki amesimama.

"Daktari, huyu Mhojiwa wa Nne namjua."

Daktari alitazama karatasi, akamtazama yeye, na ndevu zote hazikutosha kuficha uso wake. "Dada... yale ni mambo ya kitaalamu. Si wewe kama wewe."

"Mpiga chapa wa idara yuko mmoja."

"Lakini ni majibu yako mwenyewe. Nina kanda."

"Yale ni majibu niliyompa mtu nisiyemjua, aliyekuja na mashine ya kunasa maneno," shangazi akasema. "Unawafundisha watoto kila Jumatano washuku magazeti, washuku sheria, washuku kila kinachotoka juu. Wewe kwangu umetoka juu. Nikakushuku. Halafu umeandika kwamba nimelala."

Shangazi alidhani Daktari ataomba radhi. Badala yake aliinuka, akafunga mlango, akauliza kwa sauti nyingine kabisa:

"Nani mwingine ameisoma sura hii?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jana jioni, kwenye baraza la chuo, Msajili alisimama akasoma sentensi yangu. Neno kwa neno. Kwamba ofisi ni kiwanda kinachozalisha utii. Sentensi hiyo imo humu. Sijamwonyesha mtu. Mswada ulikuwa kwangu, na sasa uko kwako. Na mimi najua Msajili alikuita."

Shangazi anasema alijisikia kama mtu aliyepigwa kofi na mkono aliokuwa akiutazama siku zote. Miaka yote hiyo alikuwa anaogopa mtu wa daftari jeusi, na sasa yeye ndiye aliyeshikishwa daftari. Akaweka kurasa mezani, akatoka bila kuaga.

Hakwenda ofisini kwake. Akili yake ilimwendea Mzee Hodi na lile shati. Ilikuwa karibu saa saba, na saa saba Mzee Hodi huwa haonekani. Akamfuata kwa mbali, ngazi za nyuma, mpaka stoo ya chini yalikotupwa madawati yaliyovunjika miguu. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani kulikuwa na sauti ya mtu anasoma, polepole, akiburuta kidole chini ya maneno.

Akasukuma mlango. Walikuwa watu wanne: Mzee Hodi, wafagizi wawili wa kike, na mlinzi wa lango la nyuma. Katikati yao, juu ya dawati, zilikuwa karatasi zake zilizoharibika, zimepangwa, zimegandishwa kwa gundi ya unga.

Mzee Hodi alisimama haraka mpaka dawati likayumba. "Dada, tafadhali usitusemee. Hatuibi. Ni takataka."

"Mnafanya nini?"

"Tunasoma," akasema mmoja wa wafagizi, mwanamke mnene mwenye ndoo. "Wanafunzi wanayasema haya mambo kutwa tukiwa tunapiga deki, wanasema wavujajasho, wavujajasho. Tukasema ngoja tujue, isije ikawa ni sisi."

"Shida ni moja tu," Mzee Hodi akaongeza, woga ukimpungua. "Kila karatasi inaishia pale ulipokosea. Na wewe siku hizi hukosei, dada. Tumekwama sura ya pili."

Shangazi alitaka kukasirika, ikamshinda. Alipekua karatasi zote, moja moja, kwa sababu kuchekeshwa si kuaminishwa. Sentensi ya kiwanda na utii haikuwemo. Isingeweza kuwemo, ukurasa ule hakuuharibu. Basi si hawa.

Alirudi ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akavuta droo za kabati. Kila kitu alichokichapa kwa miaka yote alikuwa na nakala yake, kwa tarehe. Sentensi ile alikuwa anaijua. Vidole vilikuwa vinaijua. Aliichapa kabla, mahali pengine. Akatafuta tangu saa nane mpaka saa kumi. Akaikuta katika karatasi ya mwaka uliopita: ombi la Daktari Ndevu kwa kamati ya utafiti, la kuruhusiwa kuwahoji wafanyakazi. Ukurasa wa pili, mstari wa tisa. Nakala tatu. Moja ilikwenda kwa katibu wa kamati, na katibu wa kamati alikuwa Msajili. Sahihi yake ya kupokea ilikuwa pale chini, kwa wino wa kijani.

Akaipeleka karatasi ile kwa Daktari Ndevu, akaiweka mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari, kisha kwenye sahihi.

"Umejisemea mwenyewe, daktari."

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani. "Nisamehe, mama," akasema. Mpaka siku hiyo alikuwa anamwita dada.

Siku chache baadaye aliomba mahojiano mapya. Shangazi akatoa masharti yake. Kinasa sauti kibaki kabatini. Atakayeandika ni yeye mwenyewe, kwa mashine, huku akisema. Na nakala moja itabaki kwake. Wakakaa mchana wote wa Jumamosi, idara ikiwa tupu. Alieleza habari ya Mjomba na tairi la akiba. Alieleza jinsi alivyowahi kurekebisha hesabu katika kitabu cha Profesa, na Profesa akamshukuru Mungu kwenye dibaji. Alieleza ombi la Msajili, na bahasha ambayo hakuipeleka. Alieleza jinsi mpiga chapa anavyojua nani atafukuzwa wiki mbili kabla ya mwenyewe kujua, na jinsi anavyompa mtu huyo chai yenye sukari zaidi bila kusema kitu.

"Kwa nini hukusema haya mwanzo?" daktari aliuliza.

"Hukuwa umeniambia wewe ni nani."

Sura ya tano iliandikwa upya. Lakini mwisho wa mwaka mkataba wa Daktari Ndevu haukuongezwa. Barua yake haikupitia kwa shangazi; ilichapwa ofisi ya Msajili, aya moja. Wanafunzi waliandamana siku mbili mpaka mitihani ikawatawanya. Aliondoka na maboksi yake, ambayo sasa yalikuwa saba. Shangazi hakuwahi kujua kwa hakika nani alimsukuma. Anamshuku Msajili, anamshuku Profesa kidogo, na anamshuku mhadhiri yule wa kitasa, aliyepewa masomo yake yote muhula uliofuata.

Kitabu kilichapwa ng'ambo miaka miwili baadaye, na nakala ikaja kwa posta. Mhojiwa wa Nne alikuwa na kurasa kumi na moja. Daktari alikiri humo kwamba alimsoma vibaya, na kwamba kimya cha mtu wa chini si lazima kiwe usingizi. Wasomi wa mbali, nasikia, walizisifu sana kurasa hizo. Shangazi hakuridhika. Mahali fulani iliandikwa kwamba Mhojiwa wa Nne "aliamka".

"Nilikuwa nimelala lini?" aliniuliza, kitabu kikiwa magotini.

Kundi la stoo halikufa. Shangazi alianza kukosea makusudi, herufi moja mwishoni kabisa mwa ukurasa, na kikapu kikawa kinapata kurasa karibu nzima. Walipomaliza sura ya sita waliandika barua kwa uongozi, ikasainiwa na watu thelathini na wanne, wakiomba makoti ya mvua na likizo kama ya wengine. Aliyechapa mnamjua. Makoti yalikuja. Likizo iliundiwa kamati.

Na ule uhakiki wa Kimaksi haukuwa tena mgeni. Profesa alistaafu, na somo la jamii kuwa mwili likastaafu naye. Likabaki kwenye mitihani kama mfano wa makosa. Wale vijana waliokaa sakafuni wakaenda kusoma zaidi, wakarudi na suti, wakawa wahadhiri. Mmoja wao, aliyekuwa msemaji mkubwa wa chumba namba tisa, akawa mkuu wa idara. Wasomaji wa stoo walifurahi. Shangazi alisema tungoje.

Alingoja miaka minne. Wafagizi wakaandika tena, safari hii kuomba chumba cha kubadilishia nguo, maana walikuwa wanabadilisha chooni. Mkuu mpya alimwita shangazi, akamsomea jibu achape. Lilianza vizuri, na tabaka la wavujajasho likatajwa kwa heshima. Likaendelea na mikinzano ya kihistoria na uhaba wa majengo. Mwisho wake lilikuwa hapana.

"Unanielewa, mama," mkuu akasema, akiweka kalamu chini. "Mimi na wewe tuko upande mmoja."

"Nakala ngapi?" shangazi akauliza.

"Tatu."

Alizichapa. Mkuu akazisaini bila kuzisoma tena.

Mwaka uliofuata aliomba kustaafu. Niliwahi kumuuliza kama aliyaamini yale yote aliyoyachapa, akafikiri kwanza, mchele ukiwa kwenye ungo. Akasema aliyaamini maswali yaliyokuwemo. Majibu, alisema, yalikuwa yanategemea nani ameshika kalamu.

Siku ya kumuaga walimpa kabati la vyombo na keki. Mkuu wa idara alitoa hotuba ya kurasa mbili, nzuri sana, juu ya mchango wa wafanyakazi wasioonekana. Hotuba hiyo aliichapa shangazi mwenyewe siku moja kabla, kwa sababu mpiga chapa mpya alikuwa bado hajaanza kazi. Ilikuwa na makosa mawili ya sarufi. Aliyarekebisha.